Wageni wa Mtakatifu Dimitri

Niš, 27 Novemba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Soksi za sufu navaa, supu nakunywa, kifua hakina neno. Nimeanza na hayo kwa sababu nakujua: ungeruka mistari yote mpaka uyaone, ndipo urudi juu usome salamu. Wewe je, hujambo? Mgongo unasemaje na baridi ya huko Graz? Na yule bibi unayemtunza, bado anaficha meno yake ya bandia kwenye kopo la sukari halafu anakusingizia kwamba umeyaiba? Msalimie sana. Mwambie mwanao anamwombea, ingawa ukimaliza kusoma barua hii utajiuliza kama maombi yangu yanafika hata darini.

Barua anakuletea Miodrag, yule dereva wa kombi, pamoja na mtungi wa pilipili za kuchoma kutoka kwa Shangazi Desanka. Nimeona niandike kwa mkono, nisipige simu. Kwenye simu wewe hulia mapema, kabla hata sijafika penye kulilia. Tena kwenye simu nimeshakudanganya mara moja, na sitaki ulimi uzoee.

Unakumbuka uliponipigia tarehe tisa, ukaniuliza slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wetu, ilikwendaje? Nilikuambia mshumaa uliwaka mpaka mwisho. Nilikuambia ngano ya kuwakumbuka marehemu iliisha, hata punje haikubaki, na wageni walikuwa wengi hata viti havikutosha. Ukalia, ukasema sasa marehemu Baba amelala kwa amani. Mama, yote hayo ni kweli tupu. Mshumaa uliwaka mpaka mwisho. Ngano iliisha. Wageni walipita mia tatu. Nilichokuficha ni kwamba wengi wao walikuwa na pajama na kandambili, mmoja alikuwa na povu la shampuu kichwani, na sita walikuja na gari la zimamoto.

Sasa kaa chini. Kama umeshakaa, shika meza.

Unajua mzigo ulionitwika. Pale makaburini, siku ya arobaini ya Baba, kabla hujapanda kombi kurudi kazini, ulinishika ukosi ukaniambia kwamba slava ya ukoo haizimwi na kifo, huzimwa na walio hai wakilala. Mtakatifu Dimitri tumerithi baba kwa mwana, na kwa kuwa nyumba ya kijijini imefungwa na ufunguo uko kwa Shangazi, basi mwenye nyumba sasa ni mimi, na nyumba ni popote nilipo. Nikaitikia ndiyo Mama, haraka haraka, kama mtu anayekubali kuletewa chumvi. Sikufikiri kwamba nyumba yenyewe ni theluthi moja ya chumba namba 214: kitanda, kabati na nusu ya dirisha.

Tena kulikuwa na jambo ambalo wewe hukulijua. Hapa bwenini, Mama, kwa miaka miwili na ushei, hakuna aliyejua kwamba mimi ni mtu wa kanisani. Jumapili asubuhi nilikuwa nasema nakwenda kukimbia. Nilivaa viatu vya michezo, nikasimama liturujia nzima navyo, na siku moja Padri Sava aliniuliza kama nimekuja kwa Bwana au kwa mbio za marathoni. Jumatano na Ijumaa, nikifunga, nilimwambia mpishi wa kantini kwamba tumbo langu haliwezi nyama wala maziwa. Laza, mwenzangu wa chumba, akanihurumia mpaka akanitafutia dawa ya tumbo. Nikainywa. Ningefanyaje?

Huyo Laza ndiye niliyemwogopa. Anasoma fizikia, haamini chochote, hata utabiri wa hali ya hewa haamini, na ulimi wake ni wembe. Wanafunzi wakijifanyia ishara ya msalaba mlangoni pa mtihani, yeye huwauliza eti Mungu mwenyewe mmempa madaftari asome? Watu hucheka. Na mimi nilikuwa nacheka nao. Mtoto wa Ljubisav, ambaye alikuwa akijifanyia msalaba katikati ya soko na kofia mkononi, anacheka!

Mwenzetu wa tatu ni Emin, kijana wa Novi Pazar, anasomea ufamasia. Yeye ni Mwislamu, na huswali pale pale kati ya kitanda changu na cha Laza. Hakutuomba radhi wala ruhusa. Siku ya kwanza alitandika mkeka wake akatuomba tu tuhamishe viatu. Laza alijaribu kumtania wiki ile ya kwanza. Emin akamwambia subiri bwana, nimalize, nitakujibu. Akamaliza, akamjibu. Sikuwepo, sijui alimwambia nini, ila tangu hapo Laza huinua miguu ikifika saa ya swala.

Na mimi? Picha takatifu ya Dimitri niliitundika ndani ya mlango wa kabati, nyuma ya koti. Mwezi wa kumi Laza akatafuta kitundikio, akafungua, akakutana na kijana mwenye deraya, mkuki mkononi na duara la dhahabu kichwani. Akaniuliza huyu nani. Nikamjibu ni babu yangu, alipokuwa jeshini. Laza akamtazama sana, akasema babu yako alijaliwa kofia. Emin akageukia ukutani, akajifunika blanketi, na kitanda kikatikisika kwa dakika nzima.

Basi slava ikafika, na mwaka huu ikaangukia Ijumaa, siku ya kufunga. Shangazi alinitumia boksi kwa basi: mkate wenye msalaba na njiwa wa unga, bakuli la ngano ya kutwanga na kokwa za jozi, maharage ya kuoka, samaki, mshumaa mrefu wa nta, na mfuko wa ubani uliotosha kanisa kuu. Asubuhi nikatia mkate kwenye begi la michezo niupeleke kanisani. Langoni nikakutana uso kwa uso na Profesa Gvozden, yule anayetufundisha mifumo ya kuzuia moto. Akauliza nimebeba nini cha duara. Nikasema mpira. Akaubonyeza kwa kidole, akanishauri niutie upepo.

Padri Sava alinisubiri. Tuliuzungusha mkate, tukaukata kwa alama ya msalaba, akaumwagia divai, tukabusiana. Aliposoma majina ya marehemu wa nyumba yetu, akafika kwa Baba, mimi nikakodolea macho taa ya dari kama fundi umeme, machozi yasitoke. Akaniuliza watu wa nyumbani wako wapi. Nikasema niko peke yangu. Akanitazama viatu, akasema haya, nenda, leo utapata wageni, uwapokee vizuri. Nikajisemea moyoni kwamba huyu mzee hajui mipango yangu.

Maana nilikuwa nimepanga, Mama! Si unajua desturi yetu, kwamba kwenye slava haalikwi mtu: anayejua atakuja, na anayekuja hafukuzwi? Desturi hiyo niliiegemea kama mvivu anavyoegemea ukuta. Kama hajui mtu, hatakuja mtu. Saa kumi Laza yuko maabara, Emin yuko maktaba. Ningefunga pazia, niwashe mshumaa, nisali, niuzime kwa divai kama inavyopasa, halafu nile maharage wiki nzima. Mama angeridhika, Dimitri angeridhika, na Laza asingejua. Nilijiona mwerevu kupita kiasi.

Nikatandika meza kwa shuka safi. Nikaweka mkate, ngano, vijiko vinne, glasi. Nikamtoa Dimitri kabatini nikamwegemeza dirishani. Nikawasha mshumaa. Kisha nikakumbuka kwamba mwenyeji haketi siku ya slava yake. Si Baba alikuwa akisimama mlangoni kutwa nzima, na goti lake lile bovu, na ukimwambia keti anakasirika? Basi nami nikasimama mlangoni pa 214. Nikasimama nusu saa, Mama, nawangoja watu ambao mimi mwenyewe nilihakikisha hawaji. Hapo nikaona upweke ambao sijauona tangu tumzike. Nilimtaka Baba. Sikutaka kitu kingine.

Nikaona angalau nipate harufu yake. Chetezo kipo nyumbani, kimefungiwa, kwa hiyo nikachukua kopo la dagaa, nikaweka makaa, na juu yake ubani. Baba alikuwa anatia chembe tatu. Mimi nilitia kiganja. Na dirisha nililifunga kabisa, majirani wasinuse. Yaani mimi, Vidoje, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uhandisi wa usalama wa moto, niliyepata tisa juu ya kumi kwenye somo la vitambuzi vya moshi, nilikaa chini ya kitambuzi cha moshi nikipulizia makaa na huku natokwa na machozi.

Mara mlango ukafunguliwa, Emin huyo, kasahau kitabu. Akatazama meza, akatazama mshumaa, akanitazama mimi ndani ya wingu. Nikatafuta uongo wa kumwambia nikakosa, nadhani nilikuwa nimeumaliza wote. Wala hakuniuliza kitu. Alivua viatu, akanipa mkono, akaniambia, "Slava njema, mwenyeji." Akachota ngano kijiko kimoja, akakitumbukiza kijiko kwenye glasi ya maji, sawasawa kama inavyotakiwa. Kumbe amekulia ukuta kwa ukuta na Mama Radojka, jirani yao, na kila mwaka alikuwa wa kwanza kufika kwenye slava yake kwa sababu ya keki. Alikuwa anafungua kinywa kuisifu ngano ya Shangazi, na hapo king'ora kikalia.

Kilivyolia! Ghorofa zote tano. Nasi tumefundishwa: acha kila kitu, toka. Nikatoka mbio. Nilipofika uani nikagundua nimekumbatia kompyuta yangu. Nilimwacha Dimitri, nikaacha mkate wa nyumba yetu, nikaacha mshumaa wa Baba, nikaokoa kompyuta ambayo hata kibodi yake haina herufi moja.

Uani watu walifurika. Mmoja alitoka bafuni na taulo na povu, msichana mmoja alikuwa na paka ambaye hakuruhusiwa kuwepo, na wote wanatetemeka na kulaani. Wa mwisho kutoka alikuwa Emin. Alitembea polepole, mgongo ameuelekeza kwenye upepo, kiganja amekikunja kama kikombe, na ndani ya kiganja mshumaa unawaka. Aliniambia baadaye kwamba Mama Radojka alimfundisha tangu utotoni kuwa mshumaa wa slava haupulizwi, na divai hakuiona, sasa angefanyaje ila kutoka nao?

Bi Persida, msimamizi wa bweni, akaja na kandambili zake za manyoya. Wewe humjui. Zamani alifundisha timu ya mpira wa mikono ya wanawake, na bado anaita watu kwa filimbi. Moto wa aina yoyote vyumbani ni marufuku; mwaka juzi alimfukuza mtu kwa sababu ya jiko la kahawa. Akauliza mshumaa ule ni wa nani. Emin akasema ni wake. Bi Persida akamwambia Emin, mwanangu, usinifanye mtoto, Ramadhani iliyopita uliniomba kantini ikufungulie saa ya futari. Emin akajibu kwa adabu kwamba ni kweli, lakini mshumaa ni wake.

Zimamoto wakaingia, wakatoka na kopo la dagaa wamelishika kwa koleo. Mkubwa wao, mtu wa masharubu, alikuwa ameiona meza. Akavua kofia ya chuma, akaja moja kwa moja kwa aliyeshika mshumaa, akampa mkono, akamwambia slava njema mwenyeji, Mungu akuzidishie. Na wenzake watano vile vile. Mmoja alitoka na bakuli la ngano, kwa sababu, alisema, ni dhambi kuliacha peke yake na moshi. Basi watu wakapanga mstari, Mama. Kwa vijiko vinne! Kila aliyekula kijiko alimshika Emin mkono, na Emin, mtoto wa Haji Rifat muuza jinzi, amesimama wima anawajibu karibuni, asanteni, poleni kwa baridi, karibuni. Bakuli liliisha kwenye mtu wa arobaini hivi. Nami nilikuwa kwenye mstari. Nilipompa Emin mkono, kompyuta kwapani, aliniambia karibu sana.

Jua likazama, ikafika saa ya swala. Laza alikuwa amerudi kutoka maabara, anatazama yote hayo bila neno, jambo ambalo halijapata kutokea. Mwisho akamwambia Emin kwamba hakujua kama ana slava. Emin akamjibu hata yeye hakujua mpaka leo. Kisha akamkabidhi Laza mshumaa, akamwambia aukinge upepo na asithubutu kuupuliza, akaenda kando akatandika koti lake akaswali. Laza alisimama na mshumaa wa Mtakatifu Dimitri mikononi, hajatikisika, nta inamdondokea vidoleni. Emin akarudi akaupokea, na kwa kuwa Bi Persida alikataa uingizwe ndani, akakaa nao kwenye benchi mpaka ukaisha wenyewe. Zaidi ya saa mbili, Mama. Ndiyo maana nilikuambia uliwaka mpaka mwisho.

Jumatatu Emin aliitwa mbele ya kamati. Na kila mtu alijua adhabu ni nini.

Jumapili nilikwenda kwa Padri Sava kuungama, na hapa, Mama, nakuungamia na wewe, maana kuna kitu nimekiruka. Nilikuandikia kwamba Bi Persida aliuliza mshumaa ni wa nani, Emin akasema ni wake. Sivyo ilivyoanza. Aliniuliza mimi kwanza. Alinijia mimi, kwa sababu chumba ni changu na mimi ndiye nasomea moto, akanitazama machoni akaniuliza, "Vidoje, huu mshumaa ni wako?" Emin alikuwa hatua mbili kutoka kwangu na mkono unaungua. Nikawaza bweni, nikawaza Profesa, nikawaza ulimi wa Laza. Nikasema si wangu, wala sijui habari zake. Hakuwika jogoo. King'ora tu kilikuwa bado kinalia. Ndipo Emin akasema ni wake.

Basi. Nimesema. Kwa kabati nilimkana Dimitri, kwa mpira niliukana mkate, na uani nilimkana Baba. Nimeona aibu ambayo sikudhani mwili unaweza kuibeba.

Padri Sava alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anifariji. Akaniambia slava ni ya mwenye mshumaa, na Emin ameshasema mbele ya watu mia tatu kwamba mshumaa ni wake. Sasa mwakani nimlete Emin tuje kukata mkate naye, au vipi? Akasema dhambi hii kwake nimeileta mapema mno, niipeleke kwanza kwa Bi Persida, halafu nirudi. Na nikirudi nivae viatu vya watu.

Jumatatu nikabisha mlango wa kamati. Walikuwa Bi Persida, Profesa Gvozden kama mtaalamu, na mwakilishi wa wanafunzi. Emin alikuwa katikati ya kueleza kwa nini yeye ameadhimisha Mtakatifu Dimitri. Alikuwa amefika mahali pa kusema kwamba alikuwa anafanya majaribio. Profesa alimuuliza alitia ubani kiasi gani. Emin akasema kilo mbili. Nikaingia, nikasema mshumaa ni wangu, ubani ni wangu, kopo ni langu, na uongo ni wangu. Emin akarukia, akawaambia wasinisikilize, huyu ni mtu wa huruma, anataka kumwokoa tu. Tukaanza kugombania kosa, mimi nalivuta, yeye analivuta, mpaka Bi Persida akapuliza filimbi.

Akasema eti kama ni slava yangu, nithibitishe. Nikamuuliza kwa vipi. Akasema mwenye slava anawajua wafu wake. Basi nikasimama, nikaanza: Vukosav, Janko, Stanoje, Petronije, Milutin, Vidoje babu yangu. Nilikuwa nasema vizuri tu, kama mtihani. Nikafika kwa Ljubisav, Mama, sauti ikakatika. Nililia pale mbele ya Profesa wangu, kwa kwikwi, kilio ambacho sikulia makaburini kwa kuwa nilikuwa najikaza kisabuni kwa ajili yako. Mwakilishi wa wanafunzi akanipa leso. Emin akanishika bega. Profesa Gvozden akazipanga karatasi zake, akasema kumbe ule haukuwa mpira.

Hukumu ni hii: Emin hana kosa, ila amepewa onyo kwa kuidanganya kamati. Mimi sifukuzwi. Nitakagua vitambuzi vya moshi vya vyumba vyote mia moja themanini, kimoja kimoja, kwa mkono wangu, mpaka Krismasi, na niwaeleze wakazi wa kila chumba ni kitendo gani cha kijinga kinachoweza kukiliza, kwa mfano hai. Mfano hai ni mimi. Kopo la dagaa limetaifishwa. Na Laza nilimweleza jioni ile ile, yote, pamoja na dawa ya tumbo. Nilingoja wembe. Akaniambia kilichomuudhi si Mungu, ni kwamba nimekaa naye miaka miwili nikimwona yeye ni mtu wa kukimbiwa. Dimitri sasa yuko ukutani, upande wa mashariki, mahali pa wote kuona. Jumapili nilirudi kwa Padri Sava, nikaungama upya, na nilikuwa na viatu vyeusi.

Sasa nifike kwenye linalokuhusu. Vyumba nimeshakagua sitini na nne, na kila ninapopanda ngazi, mwenye chumba ananiuliza jambo moja: ile slava yako ni tarehe ngapi vile? Nawajibu, siwezi kudanganya tena, ni tarehe nane Novemba. Yule wa povu ameandika kwenye kalenda. Yule wa masharubu wa zimamoto alipita kukagua mitungi, akaniambia kwao hawasahau nyumba waliyokula ngano. Na wiki iliyopita Bi Persida alinisimamisha kwenye korido, akanikaripia kuhusu betri, halafu akashusha sauti akauliza kama ile ngano ilikuwa na jozi tu au na kungumanga pia, na kama mwakani itaangukia Jumamosi. Nikasema Jumamosi. Akasema vizuri, Jumamosi hayuko kazini.

Sikumwalika mtu, Mama. Unajua hatualiki. Lakini wanajua, na anayejua anakuja, na anayekuja hafukuzwi. Chumba 214 hakiwatoshi, wala Bi Persida hataruhusu, hata kama yeye ndiye mgeni. Ni lazima iwe nyumbani. Nimeshamwomba Shangazi Desanka afungue madirisha, nyumba ianze kupumua. Kwa hiyo nakuomba, mwambie mtoto wa huyo bibi wa Graz, mapema, kwamba mwakani wiki ya tarehe nane Novemba atafute mtu mwingine wa kuyasaka meno, kwa sababu wewe una wageni. Mimi mlangoni nitasimama. Ila jikoni siwezi peke yangu, na sitaki kusimama pale tena bila mtu wa kwetu nyuma yangu.

Emin anakusalimu kwa heshima na anasema atakuja mapema akusaidie kupanga, ana uzoefu wa kupokea wageni. Mwana-kondoo, Mama, tafadhali, si nguruwe, ili naye ale. Baba yake ataleta jinzi, usikatae. Shangazi hajambo, ng'ombe wake amezaa. Kula vizuri, usibebe huyo bibi peke yako kwenye ngazi, na ukimaliza kulia nipigie simu. Safari hii nitakuambia kweli tangu mwanzo.

Nakubusu mikono.

Mwanao na mwenyeji wako,
Vidoje

Kwenye pakiti hii utaona kipande cha nta kilichofungwa kwenye gazeti. Ndicho kilichobaki kwenye kiganja cha Emin. Laza naye anakusalimu, anauliza kama yule babu yangu wa jeshini naye atakuwepo.